Mtu wa Masoko Ananiletea Laiki, Oda Haziji

Mwezi huu barua zenu nyingi zimeangukia jambo moja, mnalipa watu wa masoko na hamjui kama mnalipia kazi au mnalipia kelele. Nimechagua maswali matano, nimeyafupisha kidogo na majina nimeyatoa. Jambo lenyewe linaniuma maana nimefanya kazi hii miaka mingi na nimeona biashara nzuri zikifungwa huku kurasa zake zimejaa wafuasi, kwa hiyo nitajibu kwa urefu pale panapohitaji urefu.

SWALI: Nashona nguo na kuuza mtandaoni. Miezi sita iliyopita nilimchukua kijana wa masoko, namlipa kila mwezi. Wafuasi wametoka 2,000 mpaka 19,000, laiki zipo, ila oda ni zilezile na mwezi uliopita zilipungua kabisa. Nikimuuliza ananiambia brandi inajengwa taratibu niwe na subira. Ananidanganya?

Dada, kabla hatujamuita mwongo fanya kazi ya jioni moja tu. Chukua wateja wako 20 wa mwisho, wale waliotoa hela kweli, watumie meseji mmoja mmoja uwaulize walikujuaje. Andika majibu kwenye daftari. Halafu fungua orodha ya wafuasi wako wapya, bofya 50 bila kuchagua, angalia kama wana picha, kama wamewahi kuposti chochote, kama wanaongea lugha unayouzia na kama wanaishi mahali ambapo mzigo wako unaweza kufika. Ukikuta nusu ni akaunti tupu zenye majina ya herufi na namba zilizochanganywa, hao wamenunuliwa, hakuna maelezo mengine ya kukupa.

Na usidhani nakutisha, biashara ya wafuasi feki ni biashara kubwa na ina historia yake. Desemba 2014 Instagram ilifuta akaunti feki kwa mkupuo na baadhi ya watu maarufu wakaamka wamepungukiwa mamilioni ya wafuasi usiku mmoja. Mwaka 2019 FTC, ile tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi, iliibana kampuni ya Devumi kwa kuuza wafuasi, watazamaji na laiki za uongo. Mtu akikununulia wafuasi 17,000 haibi hela yako tu, anakuharibia na macho, yaani kuanzia hapo namba zote za ukurasa wako hazikwambii chochote, huwezi kujua ni posti gani imependwa na wateja na ni ipi imependwa na mashine.

Sasa hilo neno "brandi inajengwa". Linanipa shida kwa sababu ni kweli na pia ndo kichaka wanachojifichia wavivu wote. Kujenga jina kunachukua muda, hilo sikatai, watu wanaweza kukuona miezi minne mfululizo kabla hawajanunua shati moja. Ila hata jina linalokua lina dalili zake na dalili zinahesabika: watu wanaotafuta jina la duka lako moja kwa moja wanaongezeka, wanaokuja inboksi wanakuja wakiwa tayari wanajua unauza nini, mteja wa zamani anarudi, mteja mpya anakwambia kaelekezwa na mtu. Mtu wa masoko wa kweli anakwambia hizo dalili SIKU YA KWANZA, anasema mwezi wa tatu tutegemee hiki, mwezi wa sita tutegemee kile, na ikifika mwezi wa tatu hakipo anakuja mwenyewe kukwambia hakipo. Huyu wako ameanza kuzungumzia subira baada ya wewe kuuliza oda. Hiyo ndo tofauti ninayoitazama mimi kuliko zote, mtu alikubali kuhesabiwa kwa kitu gani kabla hajashika hela.

Niliwahi kuwa upande wake huyo kijana. Nikiwa bado mgeni kazini nilimpelekea mteja wetu ripoti ya kurasa 14, grafu za rangi, watu waliofikiwa, laiki, kila kitu kinapanda. Akaisoma yote, taratibu, akaniuliza simu zilizopigwa mwezi huu ni ngapi. Sikujua. Nilikuwa sijawahi kuuliza. Yule mama hakunifokea, alinionesha kitabu chake cha oda, akanionesha mstari kwa mstari, na tangu siku hiyo sijawahi kuandika ripoti ambayo mstari wa kwanza sio oda.

Kwa hiyo muite mkae. Muombe vitu vitatu, kila mwezi alikuwa anajaribu kufanikisha nini, alijuaje kama amefanikiwa, na ni kitu gani alijaribu kikashindikana akakiacha. Msikilize. Na wewe pia jiandae kusikia ya upande wako, maana inawezekana matangazo yanaleta watu ila inboksi inajibiwa baada ya siku mbili, au picha hazina saizi wala bei mpaka mtu aulize, na mtu anayelazimika kuuliza bei mara nyingi anaondoka kimya. Kama yeye aliliona hilo na akanyamaza miezi sita huku anapokea malipo, basi hata kama wafuasi ni watu halisi, sio mtu wa kukaa naye.

SWALI: Nataka kuajiri mtu wa masoko. Wamebaki wawili. Wa kwanza ameahidi kunifikisha nafasi ya kwanza Google ndani ya siku 30 na mauzo mara mbili. Wa pili hajaahidi chochote, amenihoji saa nzima mpaka nikachoka, kaniuliza mpaka faida yangu. Mwenzangu kwenye biashara anasema wa pili hajiamini. Nichukue yupi?

Kaka, wa kwanza mwache aende zake. Google wenyewe wameandika wazi kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza kwenye matokeo yao, na wanawaonya wenye tovuti wajihadhari na wanaotoa ahadi hiyo. Sasa mtu anayekuahidi jambo ambalo mwenye mtambo anasema haliwezi kuahidiwa, ama haijui kazi yake ama anaijua na anakuchezea, na kwako wewe matokeo ni yaleyale. Tena hatari ni kubwa kuliko hela ya mwezi mmoja, maana wengi wa hao wa siku 30 wananunua linki, yaani wanalipa tovuti za ovyo ziweke viungo vinavyoelekea kwako ili Google ikuone unajulikana, na Google tangu walipobadilisha mfumo wao wa kupanga matokeo mwaka 2012, badiliko waliloliita Penguin, wanawashusha watu kwa ujanja huo. Unaweza kupanda wiki tatu ukaporomoka mwaka mzima na kujinasua hapo ni kazi ngumu na ya gharama.

Huyo wa pili kukuuliza faida yako, hapo ndo kaanza kazi tayari. Hebu tupige hesabu. Tuseme kila oda inakuachia faida ya 10, na kupata mteja mmoja kwa matangazo kunagharimu 15. Ukiongeza matangazo unaongeza hasara, hata kama mauzo yamekuwa mara mbili kama alivyoahidi yule wa kwanza. Ila kama mteja yuleyule ananunua mara tatu kwa mwaka, 15 yako imezaa 30 na una biashara. Hesabu ni ileile na tangazo ni lilelile, jibu linabadilika kwa sababu ya kitu ambacho kipo kwenye vitabu vyako na hakipo kabisa kwenye simu yake. Asipokuuliza faida, nani anarudi, unaweza kuhudumia oda ngapi kwa siku, ulishajaribu nini huko nyuma, atatumia hela yako kwa kubahatisha.

Sasa na mimi nisikudanganye, kuuliza maswali pekee hakutoshi. Kuna watu wanajua kuhoji vizuri, wanakuandikia mkakati wa kurasa 60, halafu miezi inapita hakuna tangazo hata moja lililotoka. Kwa hiyo huyo wa pili naye mpime. Muombe akusimulie kazi moja iliyomfelia, kwa undani, ilikuwa nini, alitegemea nini, aligundua lini kwamba haiendi, akafanya nini. Aliyefanya kazi hii kweli anazo nyingi na anasimulia bila kutafuta maneno. Anayesema sijawahi kufeli, au anayewalaumu wateja wote aliowahi kuwa nao, mshukuru mwachane. Kazi zake za zamani usiangalie picha tu, picha nzuri zinaweza kuwa za mpiga picha, muulize picha ile ilileta nini na yeye mkono wake ulikuwa wapi. Halafu omba kuongea na mteja wake aliyemuacha, sio aliyenaye sasa. Muulize huyo mteja swali moja tu, ungemrudisha?

Kisha mpe kazi ndogo ya kulipwa, wiki nne, jambo moja linalohesabika, mmekubaliana kwa maandishi. Kazi ya majaribio ya bure usimpe, mzuri ataikataa na utabaki na yule asiye na kazi nyingine ya kufanya.

SWALI: Tumeachana vibaya na mtu wetu wa masoko. Ukurasa aliufungua yeye, paswedi anazo yeye, akaunti ya matangazo ni ya jina lake, hata jina la tovuti alilipia yeye. Sasa hapokei simu.

Pole sana, na nakujibu haraka kwa sababu kila siku inayopita ni mbaya kwako. Mwandikie leo, kwa barua pepe na kwa meseji, orodha kamili ya vitu unavyotaka avikabidhi na tarehe ya mwisho, lugha ya heshima bila matusi, maana hiyo ni karatasi utakayoionesha mbele ya safari. Kusanya risiti zote ulizomlipa, mkataba kama upo, meseji alizokubali kwamba ukurasa ni wa biashara yako, na hati za usajili wa biashara. Kwa hivyo vitu unaweza kuwaandikia wenye mtandao wa kijamii ukidai umiliki, na kwa jina la tovuti waandikie kampuni iliyosajili hilo jina. Inachukua muda na wakati mwingine haifanikiwi, lakini bila karatasi haifanikiwi kabisa. Wateja wako ambao namba zao unazo wajulishe sasa hivi ukurasa wako halali ni upi, kabla hajaanza kuwapotosha. Na kama kadi yako ya benki imeunganishwa kwenye akaunti yake ya matangazo, piga simu benki leo hii.

Wengine mnaosoma msingoje yawakute. Ukurasa, akaunti ya matangazo, jina la tovuti, orodha ya wateja, vyote vifunguliwe kwa barua pepe yako, mwenye mali ni wewe, yeye anapewa ruhusa ya kufanyia kazi. Facebook na Google zote zinakuruhusu kumuongeza mtu na kumtoa bila kumpa paswedi. Mtaalamu mwaminifu anakwambia hivyo yeye mwenyewe siku ya kwanza, tena anasisitiza, kwa sababu hataki kubeba lawama ya mali isiyo yake. Akikwambia tutafungua kwangu kwa sababu ni rahisi, kataa hapohapo, ni bora mchelewe wiki nzima. Kumbuka pia historia ya matangazo ina thamani, inaonesha nani alinunua na kwa tangazo gani, na akiondoka nayo anayekuja anaanza upya kwa hela yako.

SWALI: Ajensi yetu inatuletea ripoti kwamba kila 1 tunayoweka kwenye matangazo inarudi 8. Ni nzuri mno. Tatizo benki hatuioni hiyo 8. Wanasema tusome ripoti vizuri.

Ripoti inaweza kuwa sahihi na bado ikawapotosha, na hapa ndipo watu wenye elimu zao wanapopotea pia. Swali la kujiuliza ni hili: kati ya hao walionunua, wangapi wangenunua hata bila tangazo?

Chukua mfano wa eBay, lile soko la mtandaoni la Marekani. Walikuwa wanalipia tangazo litokee kila mtu anapotafuta neno "eBay" kwenye injini za utafutaji. Kwenye ripoti lilionekana ni tangazo la dhahabu, watu wanabofya, wananunua. Mwaka 2012 wachumi wao wakajaribu kulizima. Karibu watu wote walikuja vilevile, walibofya tu matokeo ya bure yaliyokuwa chini yake, maana mtu anayeandika jina lako tayari anakuja kwako. Kwenye maneno mengine ya kawaida wakakuta tangazo linawagusa wateja wapya na wale wanaonunua kwa nadra, lakini sehemu kubwa ya hela ilikuwa inaliwa na wateja wa kila siku ambao wangekuja tu. Procter & Gamble, kampuni kubwa ya sabuni na bidhaa za nyumbani, nao katikati ya 2017 walipunguza zaidi ya dola milioni 100 za matangazo ya mtandaoni kwa robo moja ya mwaka, na mauzo hayakutetereka kwa namna ya kuonekana. Hata namba zinazotoka kwa wenye mitandao sio maandiko matakatifu, Septemba 2016 Facebook walikiri kwamba kwa muda mrefu walikuwa wanakuza wastani wa muda ambao watu wanatazama video, kwa sababu waliotazama chini ya sekunde 3 walikuwa hawaingizwi kwenye hesabu.

Sasa nyie fanyeni hivi. Ombeni ripoti itenganishe wateja wapya na wa zamani, na itenganishe waliotafuta jina lenu na waliotafuta bidhaa tu. Mara nyingi hiyo 8 inaanza kushuka hapohapo. Kisha kubalianeni kuzima matangazo eneo moja kwa wiki tatu au nne, maeneo mengine yaendelee, mlinganishe mauzo ya kitabuni na sio ya ripoti. Msizime kila sehemu kwa pamoja, na msifanye kipindi cha sikukuu au msimu ambao mauzo huwa yanabadilika yenyewe, mtajidanganya kwa upande wa pili. Muhimu ni kuangalia ajensi inaupokeaje huo mpango. Watu wazuri wanachangamka kabisa, wanawasaidia kuchagua eneo, wanawaambia wiki tatu hazitoshi kwa oda mlizonazo tufanye tano. Wanaokasirika, wanaosema mtaharibu kila kitu tulichojenga, waulizeni kwa maandishi nini hasa kitaharibika na kwa kiasi gani. Wakishindwa kujibu, mmeshapata jibu la barua yenu.

Angalieni na mkataba pia. Kama ajensi inalipwa asilimia ya hela ya matangazo, haina sababu yoyote ya kuwashauri mpunguze. Sisemi ni wezi, wengi wanalipwa hivyo na wanafanya kazi safi, ila ushauri wa "ongezeni bajeti" ukitoka kwa mtu anayelipwa zaidi bajeti ikiongezeka lazima uje na hesabu yake.

SWALI: Mimi mwenyewe ni mtu wa masoko, mwaka wa tatu sasa. Wateja wanataka miujiza ndani ya wiki mbili kwa bajeti ndogo, na matapeli wanaahidi hiyo miujiza kwa hiyo wanapata kazi mimi nakosa. Kuna mteja mmoja ninaye sasa hivi, matangazo ya wiki hii yamefanya vibaya na ripoti ni Jumatatu. Nifanyeje asinione na mimi ni walewale?

Mdogo wangu, nimefurahi umeandika, maana safu nzima nimewasema watu wa kazi yetu na wapo wengi kama wewe.

Kwanza kuhusu wiki mbili. Mweleze mteja mtambo unavyofanya kazi kwa maneno ya kawaida. Facebook wenyewe wanasema kundi la matangazo linahitaji kama matokeo 50 ndani ya wiki ndo mfumo utulie, kwa hiyo mtu mwenye bajeti ya kupata oda 5 kwa wiki asitegemee picha kamili wiki ya pili, na ukibadilisha tangazo kila siku mfumo unaanza kujifunza upya nani wa kumuonesha. Akishaelewa hilo nusu ya ugomvi inaisha. Na kama bajeti yake haiwezi kabisa kuleta anachotaka, mwambie asianze, mshauri ahangaike kwanza na wateja wa zamani, meseji kwao haina gharama kubwa. Utakosa malipo ya mwezi, najua inauma hasa kodi ikikaribia, lakini mteja wa namna hiyo ukimchukua atakuacha tu na ataondoka akikusema.

Kuhusu Jumatatu, usingoje Jumatatu. Mtumie leo. Andika ulichotegemea, kilichotokea kwa namba, unachodhani ni sababu na una uhakika kiasi gani, utakachobadilisha, na hela iliyobaki. Usiweke laiki juu kumpumzisha, weka oda juu hata kama ni 2. Kama kosa ni lako, labda ulilenga watu wasio sahihi au linki ilikuwa mbovu siku mbili, liseme kwa jina lake na useme kama utafidia. Meseji fupi, isizidi anachoweza kusoma akiwa amesimama. Halafu mpigie kesho asubuhi, usikie anasemaje, na niandikie alivyopokea.